GUTA LA UMEME ULILOTENGENEZA MWENYEWE: ANZA KULINDA BETRI



Wengi wetu tunaouza mtandaoni tumechoka kulipa bodaboda kwa kila oda. Mtu ananunua guta la kawaida, analipeleka kwa fundi wa kuchomelea, linafungwa mota kwenye gurudumu, betri na kontrola, kazi inaanza. Safi sana. Shida ni moja: guta la hivyo halina funguo ya kiwandani, halina namba ya chesisi, na mara nyingi halina karatasi yoyote inayosema ni lako. Ulinzi wake utautengeneza wewe mwenyewe.

Kwanza jua mwizi anataka nini. Guta zima ni kubwa na watu wanalijua. Betri je? Inafunguliwa fasta, inauzika hata kwa mtu wa sola, na haina jina la mtu. Tena kwa kawaida ndiyo kitu cha bei kubwa kwenye guta lako. Kwa hiyo tunaanza hapo.

1. BETRI
Kama ni ya lithiamu, weka plagi ya kuchomoa haraka na uingie nayo ndani usiku. Usiichaji karibu na kitanda wala mlangoni. Ikishika moto, mlango ndio njia yako ya kutokea.

Kama ni zile nzito za maji, nne za volti 12 zinazotoa 48, hutazibeba kila siku. Chomelea boksi la chuma kwenye fremu, kufuli likae kwa ndani ya kikombe cha chuma ili mkasi usilifikie. Acha matundu ya hewa, maana betri hizo zikichajiwa zinatoa gesi inayoweza kuwaka. Boliti za kufungulia kwa alenki, gongelea gololi ndogo kwenye tundu lake. Mwizi wa haraka haraka ataishia hapo.

2. LISIWAKE
Mwambie fundi aweke swichi ya siri kwenye ule waya mwembamba unaoiwasha kontrola. Asiweke swichi ndogo kwenye waya mnene wa betri, umeme wake ni mwingi na itaungua.

3. LISISUKUMIKE
Mnyororo mnene upite kwenye fremu, sio kwenye gurudumu peke yake, na ufungwe kwenye nguzo au chuma kilichozikwa kwenye zege. Kufuli lisilale chini, maana likiwa juu ya sakafu ni rahisi kulivunja kwa nyundo.

Kuna mbinu nyingine wengi hawaijui. Mota ina nyaya tatu nene zinazoenda kwenye kontrola. Ukizichomoa kwenye kontrola, halafu ukaziunganisha zenyewe kwa zenyewe, mota inageuka breki na gurudumu linakuwa zito kusukuma. Fundi akutengenezee plagi ya kazi hiyo. Angalizo: usiziunganishe zikiwa bado kwenye kontrola, utaiunguza. Na kwa mota za gia zinazozunguka huru, mbinu hii haisaidii.

4. USHAHIDI
Chomelea herufi zako sehemu mbili: moja ya wazi, moja ya kificho chini ya fremu. Piga picha guta pande zote, piga na namba za mota na betri. Tunza risiti za vifaa, na fundi akuandikie karatasi kwamba alikutengenezea, aweke sahihi na namba ya simu. Vyote jitumie kwenye WhatsApp au barua pepe, visikae kwenye simu moja tu.

5. KIFAA CHA GPS
Kinatumia laini ya simu, kwa hiyo bando likiisha hukioni. Chagua chenye betri yake ndogo ya ndani ili kiendelee hata betri kubwa ikichomolewa. Soma volti kwenye lebo: betri ya 48 ikijaa inapita 50, na kifaa cha gari cha volti 12 au 24 kitaungua usipoweka kishusha volti.

6. ODA ZENYEWE
Hapa ndipo sisi wa mtandaoni tunapoumia. Unapanda ghorofani na mzigo "dakika mbili tu", ukishuka guta hakuna. Mteja ashuke chini, au funga mnyororo kila unapoliacha. Oda ya mteja mgeni, usiku, mtaa usioujua: chukua malipo ya awali na upeleke mchana. Na usiposti picha ya guta inayoonyesha geti la kwako.

LIKIIBIWA
Nenda kituo cha polisi ukachukue RB, ukiwa na zile picha na risiti. Tuma picha kwa madereva wa bodaboda wa kijiweni kwenu na mafundi wa betri unaowajua. Kama GPS inakuonyesha lilipo, usilifuate peke yako, nenda na polisi.

Pesa yako haitoshi vyote mwezi huu? Fanya namba 1 na namba 4 kwanza. Picha hazina gharama, na boksi la chuma ni kazi ya siku moja kwa fundi.

Mtumie na mwenzako mwenye guta. Biashara njema, wadau.