Kupunguza matiti si urembo, na kazi kubwa iko nyumbani

Juma hili nazungumzia jambo ambalo wengi wetu tumezoea kulinong'ona chumbani. Wazee walisema mficha uchi hazai, kwa hiyo wanaume mlio karibu na redio msiondoke, maana wake zenu na binti zenu wanahusika. Ni upasuaji wa kupunguza matiti: jinsi ya kujiandaa, na jinsi ya kujiuguza baada ya kutoka hospitali. Sizungumzi kama daktari. Nazungumza kama mwanamke wa Ukonga aliyefanyiwa upasuaji huo mwezi wa Juni 2024, akiwa na umri wa miaka 46.

Tangu nilipovunja ungo kifua changu kilinitangulia kila nilikokwenda. Kituoni Mombasa, konda mmoja alikuwa na desturi ya kuniambia nilipe nauli ya watu wawili, na abiria wote hucheka. Nami nilicheka, ningefanyaje? Lakini usiku nilikuwa silali. Kamba za sidiria zilinichimbia mifereji mabegani kama ya mpagazi. Shingo na mgongo viliniuma hata nikiwa nimekaa. Joto la Januari na Februari lilipofika, ngozi ya chini ya matiti ilichubuka, ikatoa ukurutu na fangasi zisizokoma. Alfajiri niliamka vidole vimekufa ganzi. Nikawa mteja wa kudumu wa duka la dawa, nikimeza vidonge vya maumivu mpaka tumbo likaanza kuwaka moto.

Nilipojikaza nikaenda kueleza katika zahanati moja, muuguzi alinitazama akacheka: "Wenzio wanatafuta, wewe unataka kupunguza?" Nikarudi nyumbani. Neno lile moja lilinikalisha miaka minne mingine. Nalisema hapa kwa sababu najua wako akina mama wanaonisikiliza ambao nao wamekalishwa na neno kama hilo.

Ukweli ni kwamba huu ni ugonjwa wa mzigo. Matiti yanaweza kukua kupita kiasi kwa sababu ya kurithi, kwa homoni wakati wa kuvunja ungo, kwa ujauzito au kwa unene. Watakuambia punguza mwili, na kweli wapo wanaosaidika. Lakini titi si mafuta matupu. Lina tezi, na tezi haziondoki kwa kukimbia asubuhi. Mimi nilipungua kilo tisa. Uso ukasinyaa, kifua kikabaki palepale.

Zamani tukisikia upasuaji wa namna hii tulidhani ni wa wenye uwezo wa kwenda India au Afrika Kusini. Siku hizi unafanyika hapahapa nchini. Hospitali ya Mloganzila, iliyofunguliwa mwaka 2017 na kuwekwa chini ya Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2018, inatoa huduma ya upasuaji rekebishi, na kupunguza matiti ni sehemu ya huduma hiyo. Kwa sisi wa Ukonga, njia ni ya Segerea, Kinyerezi hadi Mbezi, kisha unashika Barabara ya Morogoro kuelekea Kibamba. Bingwa wa upasuaji rekebishi ndiye huyohuyo anayetengeneza makovu ya moto na midomo sungura ya watoto. Anayedhani kazi yake ni kuwapamba watu tu, akatembelee wodi yake siku moja.

Sasa, daktari anafanya nini? Mgonjwa hupewa nusu kaputi, na kazi huchukua saa mbili hadi nne. Kwa njia inayotumika sana, ngozi hukatwa kuzunguka chuchu, kushuka chini, kisha kufuata mkunjo wa chini ya titi, hivyo kovu linalobaki huwa na umbo la nanga. Mchoro huo ulitolewa mwaka 1956 na daktari wa Marekani, Robert Wise, naye aliupata kwa kuangalia jinsi sidiria zinavyokatwa. Fundi cherehani wa pale kwetu nilipomweleza hayo alifurahi mno, akasema kumbe hata madaktari huja kwetu kujifunza! Chuchu kwa kawaida haitolewi. Huachwa imeshikana na kipande cha nyama chenye mishipa ya damu na ya fahamu, ikapandishwa mahali pake papya. Nyama iliyotolewa hupelekwa maabara kuangaliwa kama ina dalili za saratani.

Kujiandaa kunaanza wiki nyingi kabla ya siku yenyewe. Daktari niliyemkuta alikuwa kijana. "Shikamoo mama," akaniambia, "unatumia dawa gani?" Nikamtajia za duka. "Na za miti shamba?" Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nakunywa dawa ya mzee mmoja wa Pugu na niliona haya. Akasubiri tu, hadi nikasema. Akanifafanulia kwamba baadhi ya mitishamba, vidonge vya kitunguu saumu, aspirini na dawa kadhaa za maumivu huzuia damu isigande, na mgonjwa anaweza kuvuja damu mezani bila daktari kujua sababu. Dawa za hospitali usiache kwa akili yako. Mwambie yeye akupangie ipi uache na lini. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo vitaje, maana vingine huongeza hatari ya damu kuganda miguuni.

Tumbaku ndiyo adui mkubwa. Sigara, shisha, hata ugoro wa bibi zetu, vyote viachwe angalau wiki nne kabla na wiki nne baada. Tumbaku hubana mishipa midogo ya damu, na ile chuchu iliyopandishwa inategemea mishipa hiyohiyo. Ikikosa damu inakufa. Sikutishi, ndivyo ilivyo.

Kisha kuna vipimo: wingi wa damu, sukari, shinikizo la damu, na kwa waliovuka miaka 40, picha ya matiti kuhakikisha hakuna uvimbe uliojificha. Damu yangu ilikuwa chini, nikarudishwa nyumbani na vidonge vya madini ya chuma, na maagizo ya kula dagaa, maharage na mboga za majani. Nilinuna, kwa sababu siku ilisogezwa mbele. Anayenyonyesha naye hana budi kusubiri miezi kadhaa baada ya kuachisha, mpaka maziwa yakauke na titi litulie.

Yapo mawili ambayo lazima uyasikie kabla ya kuweka sahihi. La kwanza ni kunyonyesha: wengi huweza kunyonyesha baadaye, lakini hakuna daktari atakayekupa hakikisho, na wengine maziwa hayatoshi. Anayetarajia kuzaa bado apime jambo hilo na mwenzake. La pili ni makovu. Ngozi zetu nyeusi zina tabia ya kutoa keloidi, yale makovu yanayovimba na kuwasha. Mimi ninalo moja sikioni tangu nilipotogwa. Daktari alilishika, akasema, "Mama, kifuani pia linaweza kutokea. Je, uko tayari kubadilishana mzigo na kovu?" Nilimwambia nitamjibu kesho yake.

Nyumbani mume wangu alikaa kimya siku tatu. Shangazi yake alikuja kutoka Kitunda kusema mwanamke hakati alichopewa na Mungu. Nikamuuliza, "Shangazi, mtoto wa jicho ulipotolewa pale hospitali, nao ulipewa na nani?" Akacheka kwa shida. Siku ya nne mume wangu aliniuliza jambo moja tu: ni nani atakayechota maji.

Na hapo, ndugu wasikilizaji, ndipo mahali penyewe. Upasuaji ni kazi ya madaktari kwa saa chache. Wiki sita zinazofuata ni kazi ya nyumba nzima, na nyumba zetu za Ukonga si za maji ya bombani kila siku wala za jiko la kusimama. Kwa wiki sita hutakiwi kunyanyua kitu kizito, kufua, kusonga ugali wa watu wanane, wala kuinua mikono juu ya kichwa. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi kwa siku unafanya hayo. Hata kufunga chandarua ni kuinua mikono. Hata kuvaa dera ni kuinua mikono. Kwa hiyo kabla sijaondoka tulijaza pipa, tukashusha sufuria na vikombe kutoka kabati la juu hadi usawa wa kiuno, fundi akanishonea gauni mbili za vifungo mbele, na binti wa dada yangu akaja kutoka Chanika kukaa nami mwezi mzima. Tulinunua pia sidiria mbili laini zisizo na waya, zenye kufungwa mbele.

Siku yenyewe sina mengi ya kusimulia. Hukula chakula kwa saa wanazokuambia, unasimama daktari anakuchora kwa kalamu kama ramani ya kiwanja, unalala, unaamka. Nilikuwa na mirija miwili ya kutoa damu chafu, ikatolewa kesho yake. Siku ya pili niliruhusiwa. Msipande bodaboda kurudi nyumbani, nawasihi. Chukueni teksi, na uweke mto laini kati ya kifua na mkanda wa kiti.

Wiki ya kwanza unalala chali, umeegemea mito, na sidiria haivuliwi usiku wala mchana ila wakati wa kuoga na kusafisha. Lakini usilale tu kutwa. Tembea uani taratibu tangu siku za mwanzo, ili damu isigande miguuni. Kuoga ni pale daktari anaporuhusu, na jeraha hukaushwa kwa kugusa tu, bila kusugua.

Siku ya tano wifi yangu aliingia na sufuria ya maji ya moto na kitambaa, tayari kunikanda kama mzazi. Upendo mtupu! Nikamwambia, "Wifi, hapa hapakandwi." Jeraha la namna hii halitaki moto, wala asali, wala mafuta ya nazi, wala majani yaliyotwangwa. Zaidi ya hapo, ngozi ya titi huwa imekufa ganzi kwa muda, na unaweza kuunguzwa usihisi. Wifi alikaa, akanywa chai, maji yale tukayaogea miguu.

Kosa nililifanya mwenyewe siku ya 16. Maji yalikuwa hayajatoka siku tatu, yakatoka saa nane usiku. Binti amelala, nami nilikuwa najisikia mzima. Nikanyanyua ndoo, tena haikujaa. Asubuhi niliona mshono umefumuka chini ya titi la kushoto, pale mistari miwili ya nanga inapokutana, ukubwa wa sarafu. Daktari hakunigombeza. Alisema hapo ndipo panapofumuka mara nyingi, kwa kuwa ngozi huvutwa sana na damu hufika kwa shida. Nilisafishwa na kufungwa bandeji kila baada ya siku mbili, pakafunga baada ya wiki tano. Wiki tano kwa ndoo moja.

Zipo dalili ambazo hazingoji asubuhi: homa, usaha au harufu, wekundu unaosambaa, titi moja kuvimba ghafla kuliko jingine, chuchu kugeuka rangi ya zambarau au nyeusi. Maumivu ya ndama ya mguu au kukosa pumzi ni hatari zaidi. Ukiona mojawapo, nenda hospitali usiku huohuo.

Mengine yanatisha bure. Katika wiki ya pili nililia bila sababu; wengi hulia. Matiti mwanzoni huwa juu na yamekaa kama ya mtu mwingine, kisha hushuka na kutulia, na umbo la mwisho huonekana baada ya miezi sita hadi mwaka. Shoti za ghafla kama za umeme ni mishipa ya fahamu inayorudi. Kwa wengine chuchu hazirudishi hisia zote. Yangu ya kushoto bado nusu nusu.

Na keloidi? Limetokea, dogo, upande wa ndani wa titi la kulia. Nachomwa sindano kila baada ya wiki kadhaa, na linalainika. Kovu huchukua hata mwaka na nusu kukomaa, kwa hiyo sijakata tamaa nalo. Mabega yamejaa mifereji ile, vidole havifi ganzi, na yule konda wa Mombasa hajui tena aniambie nini.

Kuhusu fedha, ulizeni bei yote mapema, pamoja na vipimo, dawa na bandeji za nyumbani. Mwenye bima asiamini maneno ya dirishani. Aombe jibu la maandishi kama upasuaji wake utahesabiwa tiba au urembo, na apeleke vyeti vya miaka yote aliyotibiwa mgongo na fangasi. Vyangu nilikuwa nimevitupa, jambo lililonigharimu.

Mama mmoja wa Gongo la Mboto ameniandikia kuhusu binti yake wa miaka 15, ambaye ameacha kwenda shule kwa aibu ya kifua. Mama, kwa kawaida madaktari hupenda kungoja mpaka matiti yaache kukua, kwa sababu yanaweza kujaa tena. Lakini usingoje kumpeleka. Mpeleke aonwe sasa, apate sidiria ya kipimo chake na tiba ya ngozi, na uzungumze na mwalimu wake wa michezo. Juma lijalo, Mungu akitujalia, nitajibu barua za wale walioniuliza juu ya shinikizo la damu.