Kontena Linalorudi Tupu

Anayeishi Embakasi hahitaji kuchungulia dirishani ili ajue lori limebeba nini. Kontena lililojaa hupita na mngurumo mzito wa injini, likisaga lami taratibu. Kontena tupu hurukaruka juu ya trela, na kila penye shimo hulia kama bati lililopigwa teke. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga, nami nimelisikia likivuma usiku na mchana kwa miaka mingi, tangu bohari ya makontena ya Embakasi ilipotegemea reli ya zamani hadi treni za reli mpya ya SGR zilipoanza kuiletea mizigo mwanzoni mwa 2018.

Kutoka Mombasa makontena yanapanda yamejaa. Mengi hushuka matupu.

Ukitaka kuuandika mlio huo kwa tarakimu, chukua mwaka wa 2023. Kenya iliagiza bidhaa za takriban Sh2.6 trilioni kutoka nje, ikauza bidhaa za takriban Sh1 trilioni. Aliyetuuzia zaidi ni China. Aliyenunua kwetu zaidi si Uingereza wala Marekani, ni jirani yetu Uganda. Jambo hilo la pili halizungumzwi vya kutosha, na kwa mkazi wa Eastlands, mashariki mwa Nairobi, ndilo lenye uzito zaidi. Nitalirudia. Kwanza twende Gikomba, soko la nguo kuukuu.

Saa kumi na moja alfajiri, kabla matatu za Kayole na Dandora hazijajaza barabara, wauzaji huwa wamekwisha kuyazunguka marobota. Beli, kama robota linavyoitwa pale, kwa kawaida lina kilo 45, limekazwa kwa mikanda na kufunikwa nailoni. Hulifungui kabla ya kulipa. Unanunua jina lililoandikwa juu: blauzi, suruali za wanaume, nguo za watoto. Mkanda ukikatwa, nguo safi zisizo na doa huchaguliwa kwanza. Hizo ndizo kamera, na zina wateja wao maalumu wanaozipeleka kwenye maduka ya katikati ya jiji. Hufuata za daraja la pili, la tatu, na mwishowe fagia, zile zinazomwagwa chini na kuuzwa kwa bei ya andazi. Nimewahi kusimama nyuma ya mama aliyekuwa akisubiri mkanda wa robota lake ukatwe. Hakusema neno. Karo ya muhula mzima ilikuwa imo mle ndani, na hakujua kama imo au haimo.

Mtumba kwa Kiswahili ni mzigo uliofungwa. Nguo tumeziita kwa jina la kifurushi chake, na naona jina hilo lina ukweli mwingi, kwa kuwa thamani yote inayopiganiwa iko katika kufunga na kufungua. Fulana moja yaweza kuwa ilishonwa Bangladesh, ikavaliwa Canada, ikatolewa sadaka, ikachambuliwa Karachi au Sharjah, ikafungwa, ikashushwa Kilindini. Aliyeitoa aliitoa bure. Kila aliyeishika baada yake aliongeza bei. Taasisi ya Masuala ya Kiuchumi ya hapa Nairobi ilikadiria kuwa mwaka 2019 Kenya iliingiza tani 185,000 za mitumba. Zisizouzika huishia katika Mto Nairobi unaopita kando ya soko, au Dandora, kwenye jaa lililotangazwa kuwa limejaa tangu 2001 na ambalo hadi leo linapokea malori. Kwa hiyo Eastlands huipokea nguo mara mbili: kwanza ikiwa bidhaa, kisha ikiwa takataka.

Wazee wanakumbuka wakati ambapo shati jipya lilitoka Kicomi ya Kisumu, Rivatex ya Eldoret au Mountex ya Nanyuki. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, viwanda hivyo vilianguka kimoja baada ya kingine. Mtaani utaambiwa mitumba ndiyo iliyoviua. Sikubaliani kabisa na hukumu hiyo. Mitumba ilishika miguu, lakini wapo walioshika mikono: wakulima wa pamba waliocheleweshewa malipo mpaka wakang'oa mimea, mitambo iliyozeeka, madeni, na ushuru wa kinga ulioondolewa haraka kwa shinikizo la wakopeshaji. Rivatex ilifufuliwa na kufunguliwa upya mwaka 2019 chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Kuua kiwanda ni kazi ya miaka michache. Kukifufua kumechukua kizazi.

Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba sokoni ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, na tishio likaja: nchi itakayofunga mlango ingeweza kupoteza nafasi ya kuuza bila ushuru chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000. Rwanda ilisimama imara, ikapandisha ushuru, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafasi hiyo. Kenya ilirudi nyuma. Tulikuwa na sababu, nayo iko kusini tu mwa Embakasi, katika viwanda vya Athi River vinavyoshona suruali za soko la Marekani, mara nyingi kwa vitambaa vilivyoagizwa kutoka Asia. Kitambaa kinatoka nje, suruali inakwenda nje, na sisi tunabakiwa na mshahara wa mshonaji. Mshahara huo unalipa kodi ya nyumba Mlolongo na Kitengela, kwa hiyo siudharau. Lakini si ajabu suruali hiyo hiyo ikavaliwa Texas miaka miwili, kisha ikashuka Gikomba ikiwa kamera.

Hali hii ya kuuza rahisi na kununua ghali imejadiliwa kwa heshima zote mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Gikomba. Mei 1976, jumba la mikutano la KICC likiwa bado jipya, mataifa yalikutana pale katika mkutano wa nne wa UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Katibu mkuu wake wa kwanza, Raúl Prebisch wa Argentina, alikuwa ameeleza tangu 1950 kwamba nchi inayouza mazao ghafi hulazimika kuuza magunia mengi zaidi kila mwaka ili inunue trekta lile lile. Nairobi iliafiki mpango wa kutuliza bei za mazao kama kahawa, na mfuko wa pamoja wa kuusimamia. Mfuko ulianza rasmi Juni 1989. Mwezi uliofuata, mfumo wa mgawo wa kahawa duniani ukavunjika na bei zikaporomoka. Tangu hapo Nairobi imekaribisha mikutano mingine, wa Shirika la Biashara Duniani Desemba 2015 na wa UNCTAD tena Julai 2016. Majani chai yetu, zaidi ya kilo milioni 500 mwaka 2023, bado husafiri kwa wingi ndani ya magunia, yakanunuliwe zaidi na Pakistan, yakachanganywe na kupakiwa na watu wengine.

Sasa nirudi kwa jirani. Vuka kutoka Gikomba uingie Kamukunji, uache masikio yako yazoee nyundo. Hapo ndipo Rais Moi alipowatembelea mafundi mwaka 1985 na kuagiza wajengewe vibanda, na neno jua kali likaingia katika lugha ya serikali. Wanagonga mabati kuwa masanduku ya shule, majiko, makarai, masufuria, mabomba ya mvua, wilbaro. Mabati yenyewe, kweli, mara nyingi asili yake ni chuma kutoka ng'ambo, na madebe yalikuja na mafuta ya mtu mwingine. Lakini kinachotoka Kamukunji hakifanani na kilichoingia. Na wanunuzi hawatoki Nairobi pekee. Wapo wanaopakia kwenda Busia, Malaba na Namanga, na mbele ya hapo Kampala, Arusha, hadi mashariki ya Congo.

Hivyo ndivyo Kenya nzima inavyouza. Tukiuza mbali, tunauza zaidi majani, maua na kahawa. Tukiuza karibu, tunauza sabuni, mabati, saruji, dawa, masufuria. Ulaya inanunua mvua yetu na udongo wetu. Uganda inanunua mikono yetu. Kwa kijana wa Umoja au Kariobangi asiye na shamba la chai, biashara ya pili ndiyo yenye nafasi yake.

Ndiyo sababu huniuma kuona mipaka hii ikichezewa. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005, lakini Machi 2021 Kenya ilifunga ghafla mlango kwa mahindi ya Uganda na Tanzania, na Julai 2025 Tanzania ikapiga marufuku wageni kufanya biashara kadhaa ndogo ndogo. Kila nchi ina malalamiko yake, na mengine ni ya haki. Anayelipa ni yule mwenye masanduku kumi juu ya basi. Ipo karatasi ya kumsaidia, cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, lakini wizara ya biashara ingefanya vyema ikimfuata fundi Kamukunji imweleze, badala ya kumsubiri Busia. Mwaka 2022 betri zilizotengenezwa Kenya zilipelekwa Ghana chini ya soko huru la Afrika, na picha zikapigwa. Natamani kuona wizara ikifanya hivyo kwa karai.

Jumamosi iliyopita, jioni, nilimtazama mama mmoja akifunga mzigo wa Uganda kando ya vibanda. Masanduku ya bluu na ya kijani yaliingizwa moja ndani ya jingine, kubwa likimeza dogo. Sufuria nazo zilipangwa hivyo hivyo, na katika ile ndogo kabisa akatia miiko. Palibaki nafasi kidogo chini ya kifuniko. Aliitazama, akamwita fundi, akaongeza makarai mawili ya watoto, ndipo akafunga kamba.