Jinsi Tulivyounda Ndege ya Kivita kwa Fomubodi

Huenda nawe ulikuwa uwanjani siku ile ndege yetu ilipopaa kama mwewe, ikainua pua, ikasimama wima angani, kisha ikaja chini kwa kichwa mbele ya kidato cha pili chote. Mlicheka sana. Hata mimi ningecheka, isipokuwa mota ile ilikuwa moja tu, tena ya mchango wa watu tisa. Wahariri wameniomba nieleze ndege ile iliundwaje, nami nimekubali kwa sharti moja: nieleze pia kwa nini ilianguka.

Kwanza, ni ndege gani? Ni Hurricane ya Uingereza, iliyochorwa na Sydney Camm na kuruka mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 1935. Wengine waliniuliza, mbona ya vita, mbona si ya abiria? Jibu ni kwamba hii ina habari yake huku kwetu. Mwaka 1940 Waitaliano, waliokuwa wakitawala Uhabeshi na Somalia, waliishambulia Kenya kutoka kaskazini. Wajir ilipigwa mabomu, na mwezi wa Julai askari wa KAR wakalazimika kuiacha Moyale. Marubani wa Afrika Kusini walikuja Kenya wakaruka na Hurricane kupambana nao. Wakamba walikuwa wengi katika KAR, kwa hivyo si ajabu baba wa babu ya mmoja wenu aliwahi kuinua macho akaiona.

Sababu ya pili ni hesabu tu. Hurricane ya kweli ina mita 12.19 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya lile jingine. Gawanya kwa 12, unapata mita moja na nukta kidogo. Urefu nao unakuwa kama sentimita 82. Ndege ya kadiri hiyo unaibeba kwapani na bado unaiona vizuri ikiwa juu.

Sasa fomubodi. Ni ubao mwepesi wa povu gumu lililobanwa katikati ya karatasi mbili, unene wake milimita 5. Watu wa mabango huutumia sana. Siri yake ni kwamba unakatwa nusu: unapitisha wembe kwenye karatasi ya juu na povu lakini unaiacha karatasi ya chini, kisha unakunja kama jalada la daftari. Hivyo ndivyo kiwiliwili cha ndege kinavyokuwa sanduku refu bila viungo vingi. Hata bawaba za vibawa vinavyochezacheza ni karatasi ile ile iliyoachwa. Tumia wembe mpya. Wembe butu unararua povu, na ukishararua hakuna gundi itakayokuficha aibu.

Bawa ndilo lenye kazi. Unasugua ubao taratibu kwenye ukingo wa meza mpaka ujipinde kidogo kama mgongo wa samaki, unagundisha utepe wa fomubodi ndani kuwa uti wa mgongo, halafu unaukunja upande wa juu ukutane na wa chini kwa nyuma. Bawa likienda mbele limeinama kidogo, linausukuma upepo chini, na upepo nao unalisukuma bawa juu. Ni kanuni ya tatu ya Newton, ile tunayoikariri bila kuamini.

Hapo ndipo tulipopata balaa la kwanza. Mimi nyumbani kwetu ni Kitui, na mwenzangu ni wa papa hapa Makueni. Tulipofunga shule tuligawana: mimi nitengeneze bawa, yeye atengeneze kiwiliwili, na kila mtu akachapishe ramani yake. Ramani yenyewe ni kurasa nyingi za A4 unazoziunganisha kwa selotepu. Tulipokutana shule ikifunguliwa, bawa langu halikujaza tundu lake. Mwenzangu akanitazama.

"Aki wewe, bawa lako limekonda. Mlikuwa na njaa huko Kitui?"

Kumbe pale nilipochapishia, mashine ilikuwa imeipunguza kila kurasa kidogo ili iingie vizuri kwenye karatasi. Palipotakiwa kuwa sentimita 20 palikuwa 19.3. Kwa macho huoni kitu. Ramani nzuri huwa na mstari wa majaribio pembeni ulioandikwa urefu wake. Upime kwa rula kabla hujakata chochote. Mimi sikuupima. Bawa la wiki mbili likawa la kuchezea watoto, na susu, ambaye alikuwa ameniuliza siku zote hizo, "Na hii itabeba nani?", hakuambiwa.

Mitambo nitaipitia haraka. Mota ni ya umeme, isiyo na brashi, inayozunguka mara 1000 kwa dakika kwa kila volti moja ikiwa haina mzigo. Betri ni ya lithiamu, volti 11.1. Katikati yao kuna kidhibiti mwendo, na kuna kipokezi kinachosikiliza rimoti. Vibawa vinavutwa na vimota vidogo viitwavyo sevo, gramu 9 kila kimoja: viwili vya mabawa na kimoja cha mkia. Betri hiyo usiichezee. Ikitobolewa inaweza kushika moto, ndiyo sababu baada ya ajali tuliitia kwanza kwenye ndoo ya mchanga nje ya maabara na kuiacha huko.

Tulitaka ndege nzima isipite gramu 700. Tena hapa Ukambani uzito una adhabu yake. Wote na mjini Kitui ni zaidi ya mita 1000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya kumi. Ndege ile ile itahitaji mwendo zaidi, kama asilimia tano hivi, ndipo ishikiliwe na hewa. Jua likiwa kali hewa inazidi kuwa nyepesi, na vile vimbunga vya vumbi vya saa nane mchana navyo havina huruma. Kwa hivyo rusha saa moja asubuhi. Na usiiache ndege juani ndani ya gari au karibu na mabati, maana gundi ya moto hulainika na mkia ukapinda wenyewe.

Sasa nije kwenye ajali. Kosa lilikuwa langu, wala simsingizii mtu.

Kila ndege ina kitovu cha uzito, mahali ambapo ukiishika kwa vidole viwili chini ya mabawa inatulia bila kuinamia mbele wala nyuma. Yetu ilitakiwa itulie sentimita 5 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa, pale lilipo pana sentimita 20, yaani robo ya upana wake. Hurricane ya kweli ilikuwa na injini ya Merlin puani, chuma tupu. Yetu puani ina kimota cha gramu 50 hivi, kwa hivyo betri ndiyo inayotakiwa kukaa mbele iwe badala ya ile injini. Lakini mimi nilitaka ipendeze. Niliupaka mkia rangi mara tatu. Nikauvuta mkia kwa spoki mbili za baiskeli nilizoziunganisha, kwa kuwa nilizipata bure. Kisha nikarudisha betri nyuma kidogo ili kifuniko cha rubani kikae sawa.

Wale wa fizikia wanajua momenti. Gramu 20 za rangi, gundi na spoki zikiwa sentimita 50 nyuma ya kitovu zinahitaji gramu 50 zikiwa sentimita 20 mbele yake. Mimi sikuweka hata moja. Mwenzangu aliniambia, "Wacha tuipime kwa vidole." Nikasema tumechelewa, watu wanangoja. Ndege yenye mkia mzito huinua pua, ikiinua pua hupoteza mwendo, ikipoteza mwendo bawa haliusukumi tena upepo vya kutosha. Mengine mliyaona.

Bahati yetu, fomubodi ndiyo iliyovunjika na mota ikapona, ila propela na mhimili wake mdogo tulinunua upya. Tulikata pua mpya, tukaondoa spoki tukaweka kijiti cha mshikaki chenye waya mwembamba nchani, tukaikwangua rangi ya mkia, na betri ikasogezwa mpaka nyuma tu ya mota. Kifuniko hakikai sawa tena. Bawa tunalifunga kwa mpira wa tyubu, ili likigonga chini liachie badala ya kukatika.

Mwalimu wetu mlezi hakuturuhusu kurudi uwanjani mpaka habari za kibali zikamilike, kwa kuwa tangu mwaka 2020 Kenya ina kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani ndani, na msimamizi wake ni KCAA. Ukitaka kuunda yako, mwombe mwalimu au mzazi aulize huko kwanza.

Mara ya pili hatukualika mtu. Ilikuwa asubuhi, nyasi zina umande. Mwenzangu alishika rimoti, mimi nikaitupa. Iliinamisha pua kidogo, nikafumba macho. Nilipofumbua ilikuwa imepita miti ya mwarobaini, inageuka kushoto, imetulia kabisa. Ilizunguka uwanja mara nne ikashukia tumbo kwenye nyasi. Propela tu ndiyo iliyopata mkwaruzo.

Sasa iko maabara, juu ya kabati la vioo. Ramani ninayo mimi. Anayeitaka aje na rula.