Unguja Ndani ya Mraba Mmoja

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Merikebu za Sultani Barghash wa Zanzibar ziliangamia bandarini, na mikarafuu iliyokitajirisha kisiwa kwa miongo kadhaa ikang'olewa, shamba baada ya shamba. Pemba, iliyo mwendo mfupi tu kwa jahazi, haikudhurika sana. Wenye mashamba wengi wa Unguja wakageukia minazi, na makao makuu ya karafuu yakawa Pemba, yaliko hadi leo.

Sasa ipe kompyuta takwimu za mvua na joto za visiwa hivi viwili, kisha iulize mikarafuu iko wapi. Itaitawanya Unguja na Pemba bila kupendelea. Mvua na joto havikumbuki 1872, wala havijui mwenye shamba aliamua nini kimbunga kilipopita. Huo ndio mtihani wa wataalamu wanaojaribu kutabiri uoto wa visiwa vya tropiki: hali ya hewa ni nusu tu ya habari, na mara nyingi ni nusu iliyo ndogo.

Modeli ya uoto ni hesabu inayojifunza kwa mifano. Ya aina moja hukusanya sehemu ambazo mti fulani umewahi kuonekana, husoma mvua, joto na udongo wa kila sehemu, kisha hupewa tabianchi inayotarajiwa, tuseme, mwaka 2070 na kuulizwa mti huo utaweza kuishi wapi. Ya pili hutazama matumizi ya ardhi. Hulinganisha picha za satelaiti za miaka miwili tofauti na kuhesabu ni vichaka vingapi vimegeuka shamba, ni mashamba mangapi yamegeuka nyumba, na barabara ilikuwa umbali gani. Satelaiti za Landsat zinapiga picha tangu 1972, na tangu 2008 hazina ya picha hizo inapatikana bure. Kwa hiyo hata mtafiti asiye na fedha anaweza kuirudisha modeli yake hadi 1990, akaitaka itabiri 2020, kisha akaona ilipodanganya.

Inadanganya wapi? Kwanza kwenye ukubwa. Modeli za tabianchi za dunia nzima huikata sayari katika miraba, na nyingi hutumia mraba wenye upande wa kilomita mia moja hivi. Unguja ina urefu wa kilomita 85 au karibu na hapo, na upana wake haufiki 40. Nungwi, Jozani na Makunduchi zote zinatumbukia ndani ya mraba mmoja, ambao wakati mwingine kompyuta huuhesabu kuwa bahari tupu. Wataalamu huugawanya mraba huo katika vipande vya kilomita moja kwa msaada wa vituo vya hali ya hewa, lakini vituo ni vichache, na ramani hutoka ikionekana sahihi kuliko takwimu zilizoizaa.

Pili ni mwamba. Mkulima wa Unguja hahitaji kompyuta kumwambia kwamba udongo wa kinongo wa magharibi na uwanda wa mashariki si ardhi moja. Uwanda ni jiwe la matumbawe lenye udongo wa kujificha kwenye mashimo. Mvua ikinyesha, maji huteremka kwenye nyufa, na baada ya muda mfupi mizizi inaona kiangazi. Kipimo kilekile cha mvua kinastawisha mwembe upande mmoja na kichaka cha miiba upande wa pili. Modeli isiyo na ramani ya udongo itaziona sehemu hizo mbili kuwa pacha.

Hata satelaiti huchezewa shere. Shamba la viungo lenye mikarafuu, minazi na miembe iliyofungamana, likitazamwa kutoka angani, hufanana sana na msitu. Na vichaka vya uwanda hupukutisha majani wakati wa ukame, hivyo picha ya msimu mbaya huvionyesha kama vimefyekwa. Wakati wa masika, mawingu hufunika kila kitu. Dawa ya makosa haya ni ya kizamani: mtu aende kwa miguu, aangalie.

Kisha kuna watu. Sensa ya 2012 iliwahesabu wakazi wa Zanzibar 1,303,569. Ya 2022 ikawakuta 1,889,773. Watu hao wanahitaji kuni, mkaa, boriti, chokaa na viwanja, na mengi ya hayo hutoka kwenye vichaka vilevile anamoishi paa nunga, au jirani na msitu wa kima punju. Katika muongo mmoja, panga na barabara mpya vinaweza kubadilisha uwanda kuliko nusu nyuzi ya joto.

Joto nalo lina ukatili wake kisiwani. Bara, mti unaokimbia joto unaweza, kizazi baada ya kizazi, kupanda mlima; kila mita 100 hupunguza takribani nyuzi 0.6. Kilima kirefu kuliko vyote Unguja hakifiki mita 150. Mpapindi, mti wa jamii ya mitende ambao kwa asili huota Pemba tu, una ndugu zake wengi Madagaska, na modeli inaweza kuupakia rangi ya kijani mahali pazuri ng'ambo ya bahari. Mbegu zake haziwezi kufika huko zenyewe. Mikoko nayo hurudi nyuma bahari inapopanda, mradi nyuma yake hakuna ukuta wa hoteli.

Kisiwa cha Puerto Rico kimeonyesha kwamba hesabu inaweza kwenda kinyume pia. Mwishoni mwa miaka ya 1940 misitu ilifunika kama asilimia 6 ya kisiwa hicho. Viwanda vikaja, watu wakahamia mijini na New York, mashamba ya miwa na kahawa yakaachwa, na leo zaidi ya nusu ya kisiwa ni msitu. Lakini si msitu uleule: sehemu kubwa ya uliorudi ilianzishwa na Spathodea campanulata, mti wa Afrika wenye maua ya rangi ya moto.

Basi msomaji akionyeshwa ramani ya Unguja ya 2070, aulize kwanza kama aliyeichora aliweka ndani yake udongo, barabara na bei ya gunia la mkaa.