Simu ya Mama Isitupwe

Kijana mmoja wa komini ya Kenya, mjini Lubumbashi, alinunua simu mpya ya 4G. Mama yake alipokuja kumtembelea kutoka Kasenga, alimwambia: “Mama, simu yako ya vibonye itupe, wakati wake umekwisha.” Je, alisema kweli? Wasomaji wapenzi, tulitazame jambo hili kwa utulivu.

Herufi G ni alama ya kizazi. Kizazi cha kwanza kilifika Kinshasa katika miaka ya 1980. Simu zake zilikuwa za matajiri, na mwenye chombo cha kupokea mawimbi aliweza kusikiliza maneno ya wengine. Kizazi cha pili, 2G, kilianza Finland mwaka 1991. Hicho hugeuza sauti kuwa tarakimu na kuifunga kwa siri. Tena kilileta ujumbe wa maandishi. Mwaka 2001 Wajapani walianzisha 3G, iliyorahisisha intaneti. Mwaka 2009 ikaja 4G huko Sweden na Norway, nayo hupeleka picha na sauti kwa haraka zaidi. Sasa iko 5G pia.

Kila kizazi ni kama lugha. Mnara mmoja waweza kusema lugha kadha wa kadha, lakini simu ya mama yajua ya 2G peke yake. Siku mnara utakapoiacha lugha hiyo, simu ile itakuwa bubu. Jambo hili si ndoto. Marekani, mwaka 2022, makampuni makubwa yalizima 3G ili mawimbi yake yatumiwe na vizazi vipya, na simu nyingi za zamani zikaacha kupiga.

Kwetu hasara ingekuwa kubwa. Tangu 2012 watu hutumiana fedha kwa M-Pesa, hata kwa simu ya vibonye. Karo ya shule na bei ya dawa hupita humo. Nani atamnunulia kila mzee wa kijijini simu mpya? Tunakumbuka pia ushuru wa RAM, ulioanza 2020, uliokatwa katika salio la simu. Wananchi walilalamika sana, hata ukafutwa mwaka 2022. Kobalti ya nchi yetu imo katika betri za simu za dunia nzima. Si haki wazazi wa wachimbaji wakose kusikilizwa.

Basi, vijana, kabla ya kununua simu ulizeni ni rezo gani inayofika kwa wazazi wenu. Maendeleo ni mema, lakini yawangoje wanaotembea polepole.

Na kijana yule ajue neno moja. Simu nyingi za 4G, zinapopiga, hurudi kwanza kwenye kizazi cha zamani ili kupeleka sauti. Huenda basi kila anapomwita mama yake, sauti yake hupita katika njia ileile aliyoicheka.