Mlima Mrefu Huanza na Kilima cha Nyumbani

Zahanati ninayofanya kazi iko chini ya kilima. Juu ya kilima hicho kuna tangi la maji la kijiji. Siku moja mwaka jana nilipanda kwenda kulitazama tangi hilo pamoja na wajumbe wa kamati ya afya. Mimi nilikuwa na miaka 26. Mjumbe mmoja alikuwa mama wa miaka 54, mkulima wa pamba. Yeye alifika juu huku akiendelea kuzungumza. Mimi nilifika nyuma yake nikihema kama mbwa aliyefukuza sungura. Nilikaa juu ya jiwe nikashika kifua.

"Daktari," alisema yule mama, "wewe umezoea kiti na pikipiki."

Wote walicheka. Nami nilicheka, lakini maneno yale yalinichoma. Kila siku huwaambia wagonjwa wa shinikizo la damu watembee. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa natoka nyumbani kwa pikipiki, nakaa kitini mpaka saa 9 alasiri, kisha narudi kwa pikipiki.

Mwezi huo huo watu 9 wa kata yetu waliamua kupanda Mlima Kilimanjaro kwa hisani. Yule mama alikuwa mmoja wao. Nami niliombwa niwe mmoja wao.

Kupanda mlima kwa hisani maana yake ni hii. Mpandaji huwaomba ndugu, majirani na wafanyabiashara watoe mchango. Yeye hutoa jasho lake, wao hutoa fedha. Fedha hizo hufanya kazi ya kusaidia watu. Jambo hili si geni kwetu watu wa Kanda ya Ziwa. Mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita ulianzisha safari ya namna hiyo inayoitwa Kili Challenge, ili kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI. Wengine hupanda Kilimanjaro kwa miguu, wengine huuzunguka mlima kwa baiskeli. Sisi tulitaka kununua vitanda vya kujifungulia vya zahanati yetu, kwa sababu kilichokuwapo kilikuwa kimoja tu, tena kimevunjika mguu.

Tulikuwa na miezi 4 ya kujiandaa.

MWILI HUJENGWA KIDOGO KIDOGO

Huenda utauliza: mkulima anayeshika jembe kila siku anahitaji mazoezi ya nini? Ni kweli, jembe hutia nguvu mikono na mgongo. Lakini kupanda mlima ni kazi nyingine. Ni kutembea saa 5 au 6 kwa siku, siku kadhaa mfululizo, ukipanda. Kazi hiyo ni ya moyo, mapafu, mapaja na vigimbi. Kila kiungo hujifunza kazi kinayofundishwa.

Kosa la watu wengi ni kuanza kwa fujo. Mtu ambaye hajakimbia miaka 5 huamka siku moja akakimbia kilometa 10. Kesho yake hawezi kuchuchumaa. Keshokutwa magoti yamevimba, na mazoezi yamekwisha. Mwili ni kama ng'ombe wa kulimia. Ukimfunga plau siku ya kwanza na kumlimisha ekari nzima, utamvunja. Ukimzoeza, atakulimia miaka mingi.

Mimi nilianza hivi. Wiki ya kwanza nilitembea dakika 20 kwenye njia tambarare, siku 4 tu. Siku nyingine nilipumzika, kwa maana mwili hujijenga wakati wa kupumzika. Kila wiki niliongeza dakika 5. Wiki ya 5 nilianza kupanda kilima cha tangi, mara moja kwenda na kurudi. Baadaye mara 2, halafu mara 3. Wiki ya 8 nilijitwika mgongoni begi lenye kilo 3 za mahindi. Polepole nilifika kilo 6. Mwezi wa mwisho nilitembea saa 5 Jumamosi na saa 5 tena Jumapili, ili miguu izoee kuamka na uchovu wa jana. Wiki ya mwisho kabla ya safari nilipunguza mazoezi, nikalala vizuri.

Utajuaje kwamba unakwenda mwendo unaofaa? Kipimo ni mdomo wako. Ukiwa unatembea, jaribu kusema maneno 10 bila kukatika. Ukishindwa, punguza mwendo. Ukiweza hata kuimba, ongeza kidogo.

Kipimo cha pili ni mapigo ya moyo. Asubuhi kabla hujatoka kitandani, weka vidole 2 kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa dakika 1. Andika kwenye daftari. Wiki ya kwanza moyo wangu ulipiga mara 82. Mwezi wa 4 ulipiga mara 68. Moyo uliopata nguvu husukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo hauhitaji kupiga haraka. Yule mama, aliyejifunza kusoma na kuandika ukubwani, alikuwa na daftari safi kuliko langu.

Usisahau kuteremka. Wengi hufikiri kushuka mlima ni rahisi. Kumbe kushuka ndiko kunakoumiza mapaja na magoti. Shuka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Viatu navyo vizoeshwe mapema. Kiatu kipya kikivaliwa siku ya safari huleta malengelenge, na lengelenge moja laweza kumrudisha mtu mzima nyumbani.

Chakula cha mazoezi si cha ajabu. Ugali, viazi na wali hutia nguvu. Maharage, dagaa, maziwa na karanga hujenga misuli. Mboga za majani na matunda hulinda mwili. Kunywa maji safi ya kutosha. Sigara na pombe uziache.

PIMA KWANZA

Kabla ya kuanza, sote 9 tulipimwa. Mmoja wetu, mwenye duka, alikutwa na shinikizo la damu la juu sana. Alikuwa hajui. Hakuwa na maumivu yoyote. Alishauriwa asipande, akaanza dawa. Alibaki nyumbani akawa mtunza hazina wetu. Kama pasingekuwa na safari hii, labda tungempokea zahanati siku moja akiwa amepooza upande.

Kipimo kingine muhimu ni cha wingi wa damu. Damu ndiyo inayobeba oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa inayotupa uhai, kutoka kwenye mapafu hadi kwenye misuli. Mtu mwenye upungufu wa damu ni kama kijiji chenye mikokoteni michache. Mavuno yapo shambani, lakini hayafiki nyumbani. Minyoo ya safura na malaria hupunguza damu. Hutibika, lakini damu haijengeki kwa siku mbili. Ndiyo maana inafaa kupima miezi kadhaa kabla.

Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, kisukari, kifafa, na mama mjamzito, asiende bila ushauri wa daktari. Mwenye ugonjwa wa selimundu asijaribu kwenda juu kiasi hicho. Hewa haba humletea hatari kubwa.

MLIMA UNA SHERIA YAKE

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo mimi, mganga, nililijua kwa kusoma, lakini nilijifunza kwa kuumia.

Kilele cha Uhuru kiko meta 5,895 juu ya usawa wa bahari. Sisi tunaoishi karibu na Ziwa Victoria tuko zaidi kidogo ya meta 1,100. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi. Pale kileleni kila pumzi huingiza oksijeni karibu nusu tu ya ile anayoipata mtu aliyeko pwani. Mwili unaweza kuizoea hewa hiyo, lakini unahitaji siku. Mazoezi hayawezi kuziondoa siku hizo. Mtu mwenye misuli imara huugua sawa na asiye na misuli. Tena mara nyingine huugua zaidi, kwa sababu nguvu zake humpeleka juu haraka mno.

Njia tuliyopita ni ya Marangu. Usiku wa kwanza watu hulala Mandara, karibu meta 2,700. Usiku wa pili Horombo, karibu meta 3,700. Kisha hupanda hadi Kibo, karibu meta 4,700. Unaona kwamba kila siku ni meta 1,000. Lakini wataalamu husema ukishapita meta 3,000, sehemu ya kulala isiongezeke zaidi ya meta 500 kwa siku. Ndiyo maana inashauriwa kulala Horombo siku 2. Siku ile ya ziada watu hupanda mpaka kwenye miamba yenye mistari kama ya punda milia, kisha hurudi kulala chini.

Sisi tuliiondoa siku ile. Tulitaka kuokoa fedha ziende kwenye vitanda. Hilo lilikuwa kosa letu, nami nilikubali kosa hilo.

NILIFICHA

Tulipofika Horombo kichwa kilianza kuniuma. Nilijiambia ni jua. Usiku sikulala. Asubuhi uji ulinitia kichefuchefu. Hizo ndizo dalili za ugonjwa wa mlimani: kichwa kuuma, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu, uchovu, kizunguzungu, kukosa usingizi. Nilizijua zote. Ningemwona mgonjwa mwenye dalili hizo ningemwambia, "Usipande tena mpaka zitoke."

Kwa nini nilinyamaza? Nitasema ukweli. Kule kijijini bibi mmoja aliuza kuku wake 2 akaniletea fedha. Aliniambia, "Mjukuu wangu, nifikishie kuku wangu kileleni." Niliwaona wale kuku kila hatua. Niliona aibu kurudi.

Tulipofika Kibo jioni, yule mama alinitazama. "Daktari, mbona hujala? Na mbona unatembea kama umekunywa gongo?"

Alimwita kiongozi wetu wa mlima. Kiongozi alichora mstari ardhini kwa fimbo. Akaniambia nitembee juu yake, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine. Hatua ya tatu nikaanguka. Hakubishana nami. Alisema neno moja: "Chini." Kuyumba namna ile ni dalili kwamba ubongo umeanza kuvimba. Dalili nyingine za hatari ni kuchanganyikiwa, kuhema sana hata ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu, na midomo kubadilika rangi. Dawa ya kwanza ya hayo yote ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku. Asiachwe mtu huyo ashuke peke yake. Asiambiwe asubiri asubuhi.

Msaidizi wa kiongozi alinishika mkono, tukashuka kwa mwanga wa tochi mpaka Horombo. Tulipokaribia vibanda, kichwa kilianza kufunguka. Ningelala Kibo usiku ule, au ningeendelea kupanda, labda nisingeandika makala haya.

Wenzangu walianza safari ya mwisho usiku wa manane, katika baridi inayogandisha maji chupani. Tulipanda watu 8. Waliofika Uhuru ni 6. Yule mama alikuwa miongoni mwao. Mwingine alirudi njiani kwa hiari yake alipoanza kutapika, naye nampongeza kuliko ninavyojipongeza mimi.

Niliporudi kijijini nilikwenda kwa bibi.

"Shikamoo, bibi. Sikufika."

"Marahaba. Vitanda vimefika?"

"Vimefika, bibi. Viwili."

"Basi," alisema. "Kuku wangu walikuwa wa vitanda. Wewe ungebaki kule, nani angewazalisha wajukuu zangu?"

Hakuna mchangiaji hata mmoja aliyedai fedha zake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Pima afya kwanza: shinikizo la damu, wingi wa damu na sukari.

2. Anza miezi 4 kabla. Ongeza kidogo kila wiki. Pumzika. Andika kwenye daftari.

3. Mlimani nenda polepole, kunywa maji, usinywe pombe wala dawa za usingizi. Usiiondoe siku ya kuuzoea mlima ili kuokoa fedha.

4. Ipo dawa inayosaidia mwili kuzoea, inaitwa asetazolamaidi. Usiinunue kwa kusikia tu. Mwulize mganga, hasa kama dawa za salfa hukudhuru.

5. Ukiumwa kichwa, sema. Ukiyumba, shuka.

Nawe usiye na nia ya kupanda Kilimanjaro, mazoezi haya ni yako pia. Kutembea haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki, husaidia kuzuia shinikizo la damu na kisukari. Hayahitaji kiwanja wala ada. Pikipiki yangu sasa hukaa nyumbani siku 5 kwa wiki. Kila jioni utanikuta kwenye njia ya tangi la maji, na yule mama bado ananitangulia, lakini sasa ninaweza kumjibu anapozungumza.