Kupima Kifaa cha Kuongeza Ugunduzi wa Polipu katika Kolonoskopi: Jaribio la ADENOMA na Maana Yake kwa Sera

Kolonoskopi huchunguza na kutibu kwa wakati mmoja. Daktari huingiza mrija wenye kamera hadi mwanzo wa utumbo mpana, kisha huurudisha polepole akikagua ukuta, na polipu anayoiona aghalabu huiondoa papo hapo. Tatizo ni ile asiyoiona. Utumbo mpana una mikunjo mingi, ilhali kamera hutazama mbele. Kilicho nyuma ya mkunjo hupitwa. Uchambuzi wa mwaka 2006 wa tafiti ambazo mgonjwa alipimwa mara mbili mfululizo ulionyesha kuwa takriban asilimia 22 ya polipu zilikosekana katika kipimo cha kwanza. Nyingi kati ya hizo zilikuwa ndogo. Miongoni mwa adenoma za milimita 10 au zaidi, zilizokosekana zilikuwa asilimia 2 hivi tu.

Kwa sababu hiyo, ubora wa kolonoskopi hupimwa kwa kiwango cha ugunduzi wa adenoma, yaani asilimia ya vipimo vilivyopata angalau polipu moja ya aina hiyo inayoweza kugeuka saratani. Kiwango hiki kina uzito katika maisha ya watu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014, uliotazama kolonoskopi zaidi ya 300,000, ulihusisha kila nyongeza ya pointi 1 ya asilimia na upungufu wa asilimia 3 wa hatari ya saratani baada ya kipimo.

Endocuff Vision ni kivishio laini cha ncha ya mrija, chenye vijiti vinavyonyumbuka. Mrija ukiingia, vijiti hulala. Ukirudi, husimama na kuikunjua mikunjo mbele ya kamera. Jaribio la ADENOMA, lililochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Gut, liligawa kwa nasibu wagonjwa 1,772 wa hospitali 7 za Uingereza: baadhi walipimwa kwa kifaa, wengine bila kifaa. Ugunduzi ulipanda kutoka asilimia 36.2 hadi 40.9. Muda wa kuurudisha mrija haukutofautiana, kwa hiyo ongezeko hilo haliwezi kuelezwa kwa ukaguzi mrefu zaidi. Kasoro moja haikuepukika: daktari huona kama mrija umevishwa au la, na kujua kwamba unajaribiwa huweza kunoa jicho.

Jambo lenye uzito zaidi kwa sera limo ndani ya wastani huo. Ongezeko lilitokana hasa na washiriki wa mpango wa uchunguzi wa umma ambao kinyesi chao kilikuwa kimekwisha kuonyesha damu iliyofichika. Kwao kiwango kilipanda kutoka asilimia 50.9 hadi 61.7. Walioletwa na dalili hawakuchangia kwa kiasi hicho. Na hata faida ya kundi la kwanza haina uhakika kila mahali: jaribio la awali la E-cap, pia la Uingereza na kwa watu wa mpango huohuo, lilitumia toleo la kwanza la kifaa na halikuona tofauti ya maana. Humo ugunduzi bila kifaa tayari ulikuwa juu, na yamkini madaktari hao walikuwa wameacha kidogo cha kuongezwa.

Katika nchi ambako wengi hufika kwenye kolonoskopi wakiwa tayari na dalili, asilimia 61.7 haifai kunukuliwa kama ahadi. Kipimo cha kinyesi kinachochuja nani apimwe kinastahili kutangulia kwenye bajeti. Aidha, hospitali inayotaka kununua kifaa sharti kwanza ijue kiwango chake yenyewe, nayo haiwezi kukijua bila rejesta ya vipimo na bila maabara ya patholojia inayorudisha majibu kwa daktari aliyeondoa polipu.